Kigujarati na Kiindonesia: mwongozo kamili wa kuzilinganisha kwa sikio la Mswahili

Mswahili akimsikia Mwindonesia akitaja dunia, waktu, kabar, sabun na kursi, huona kama amefika nyumbani. Akimsikia Mgujarati akitaja duniyā, vakhat, khabar, sābu na khurshī, hukata shauri papo hapo kwamba lugha hizi tatu ni ndugu. Si ndugu. Kigujarati ni cha ukoo wa Kihindi-Kiulaya, pamoja na Kihindi, Kimarathi na Kiajemi. Kiindonesia ni cha ukoo wa Kiaustronesia, pamoja na Kijava na Kimalagasi cha Madagaska. Kiswahili, sote tunajua, ni Kibantu. Maneno yale yaliletwa na biashara ya baharini na dini, hasa kutoka Kiarabu na Kiajemi, nayo hayakuleta sarufi pamoja nayo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: linganisha sentensi, usilinganishe orodha za maneno. Orodha itakuonyesha kufanana kusikokusaidia kuunda hata sentensi moja.

Maandalizi

Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne: Kiswahili, Kigujarati kwa hati yake, matamshi ya Kigujarati kwa herufi zetu, na Kiindonesia. Tenga saa moja kwa siku kwa wiki tatu. Weka kibodi ya Kigujarati kwenye simu mapema, usiiache hadi mwisho.

Andika sentensi hizi kumi upande wa Kiswahili, zote fupi: Ninakula embe. Nilikula embe. Sili embe. Sijala. Usile. Mimi si mwalimu. Sina pesa. Sisi tunakwenda sokoni. Nyumba kubwa ya Ram. Vitabu vitatu. Karibu kila jambo la msingi linalozitenganisha lugha hizi mbili limo humo.

Katika matamshi ya Kigujarati hapa chini, kistari juu ya vokali ni sauti ndefu, ~ ni sauti inayopitia puani, na nukta chini ya herufi ni ulimi uliokunjwa kugusa kaakaa.

Hatua ya 1: hati na sauti (siku 7)

Kiindonesia hakitakusumbua hapa. Kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na mageuzi ya tahajia ya 1972 yaliondoa mazoea ya Kiholanzi: tj ikawa c, dj ikawa j, na j ya zamani ikawa y. Ndiyo maana c husomwa ch: *cari* (tafuta) ni "chari". Mambo matatu tu yanahitaji uangalifu. Kwanza, ng yao ni ng' yetu na ngg yao ni ng yetu: *tangan* (mkono) soma "tang'an", *tangga* (ngazi) soma kama tanga la jahazi. Pili, herufi e moja huandika sauti mbili. *Apel* yenye e hafifu inayomezwa ni tufaha, *apel* yenye e kamili ni gwaride la kuitwa majina, na maandishi hayatakwambia ipi ni ipi. Tatu, maneno mengi huishia na konsonanti. Kosa la Mswahili ni kuongeza vokali: "orangi" badala ya *orang* (mtu), "bapaki" badala ya *bapak* (baba). Funga mdomo baada ya ng, na k ya mwisho ya *bapak* ikate kooni bila kuitoa.

Kigujarati ndicho kinachokula hizo siku saba. Hati yake ni ndugu ya Devanagari ya Kihindi, ila haina ule mstari wa juu unaounganisha herufi. Zamani waliiita hati ya wafanyabiashara, kwa sababu ndiyo iliyotumika katika barua za biashara na daftari za hesabu. Jifunze konsonanti sita kwa siku, kisha alama za vokali: ક ka, કા kā, કિ ki, કી kī, કુ ku, કૂ kū, કે ke, કો ko. Angalia કિ: alama ya i fupi huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Herufi zinazochanganywa mno ni ઘ (gha) na ધ (dha), halafu પ (pa) na ષ (ṣa). Tarakimu nazo zina mtego: ૨ (2) hufanana na ર (ra), na ૫ (5) hufanana na પ (pa). Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili, na ukichapa isiyo yenyewe neno lako halitapatikana katika kamusi ya mtandaoni.

Kuhusu sauti, kaa na maneno haya matatu mpaka uyatenganishe: બાર *bār* ni kumi na mbili, ભાર *bhār* ni mzigo, na બહાર, linaloandikwa *bahār*, ni nje. Katika mazungumzo lile la tatu halitamkwi silabi mbili. Husikika kama *bār* yenye vokali ya kupumua, kama mtu anayenong'ona huku sauti ikitoka. Ukimwambia mwenye duka mzigo uko nje na bado vipande ni kumi na viwili, umepita kwenye yote matatu. Njia ya mazoezi: shika kipande cha karatasi laini mbele ya midomo. Useme *paḷ* (dakika ndogo, nukta ya wakati), karatasi itulie. Useme *phaḷ* (tunda), iruke. Wasemaji wa Kimvita wana faida hapa, maana wao tayari hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi hiyo hiyo.

Hatua ya 2: mpangilio wa sentensi

Ninakula embe:
હું કેરી ખાઉં છું, *hũ kerī khāũ chhũ*. Neno kwa neno: mimi embe kula niko.
*Saya makan mangga*. Mimi kula embe.

Kigujarati huweka kitenzi mwisho, Kiindonesia hukiweka katikati kama sisi. Na mpangilio huu huvuta mengine yote. Maneno yetu ya mbele, kama "katika" na "kutoka", Kigujarati huyapachika nyuma ya jina: *ghar-mā̃* (nyumba-ndani), *Surat-thī* (Surat-kutoka). Kivumishi hutangulia jina. Mwenye mali hutangulia mali. Ukisoma sentensi ndefu ya Kigujarati, ianze kwenye kitenzi cha mwisho urudi nyuma, hadi masikio yazoee.

Hatua ya 3: kitenzi, mahali panapostahili muda mrefu

Kiindonesia hakibadilishi kitenzi kwa nafsi wala kwa wakati. *Makan* ni *makan* kwa mimi, wewe na wao, jana na kesho. Wakati huonyeshwa na kijineno: *sudah* (tayari), *sedang* (katika kufanya), *akan* (ta), *belum* (bado). Nilikula embe jana ni *Kemarin saya makan mangga*. Makosa ya wanaoanza ni kupachika *sudah* kila mahali wakidhani ni "-li-". Ukishasema *kemarin* (jana), imetosha.

Kigujarati ni kinyume kabisa. Tazama hii kwa makini:

મેં કેરી ખાધી, *mẽ kerī khādhī*: nilikula embe.
મેં કેળું ખાધું, *mẽ keḷũ khādhũ*: nilikula ndizi.
મેં રોટલો ખાધો, *mẽ roṭlo khādho*: nilikula mkate wa uwele.

Mlaji ni mimi katika zote tatu, lakini kitenzi kimebadilika mwisho mara tatu. Kinafuata kinacholiwa. Embe ni jinsia ya kike (-ī), ndizi ni jinsia ya tatu isiyo kike wala kiume (-ũ), na *roṭlo* ni ya kiume (-o). Mgeni wa Ulaya huumia hapa, lakini Mswahili ana dawa mkononi: embe nimelila, ndizi nimeila, mkate nimeula. Sisi tunafuata ngeli ya kinacholiwa mbele ya mzizi, wao wanafuata jinsia yake nyuma. Andika kila jina jipya la Kigujarati pamoja na kivumishi *moṭo / moṭī / moṭũ* (kubwa) ili jinsia iingie kichwani pamoja na neno.

Angalia pia kwamba "mimi" imebadilika kutoka *hũ* kuwa *mẽ*. Hilo hutokea katika wakati uliopita wa vitenzi vyenye yambwa, yaani kinachotendwa. Kitenzi kisicho na yambwa hurudi kumfuata mtendaji: mwanamume husema *hũ gayo* (nilikwenda), mwanamke *hũ gaī*. Mwanafunzi wa kiume aliyefundishwa na mwanamke hubeba *gaī* bila kujua, na wasikilizaji hucheka kabla ya kumsahihisha. Muulize mwalimu wako umbo lako wewe.

Ugumu wa Kiindonesia uko kwenye viambishi. Kiambishi *meN-* (N ni sauti ya puani isiyo na umbo moja) hubadilika kwa herufi inayofuata, na hula p, t, k na s za mwanzo: *tulis* → *menulis* (andika), *pukul* → *memukul* (piga), *kirim* → *mengirim* (peleka), *sapu* → *menyapu* (fagia). Herufi nyingine hubaki: *beli* → *membeli* (nunua), *dengar* → *mendengar* (sikia). Athari yake ya kila siku ni kwenye kamusi, maana kamusi za Kiindonesia hupangwa kwa mizizi na *menulis* imo chini ya T. Ukikutana na *men-* ikifuatwa na vokali, jaribu kurudisha t. *Mem-* na vokali, rudisha p. *Meny-*, rudisha s. *Meng-* na vokali, jaribu k kwanza, kisha jaribu vokali yenyewe (*mengambil*, chukua, ni *ambil*). Kwetu n hubadili mizizi vivyo hivyo: refu ikawa ndefu, -wili ikawa mbili.

Nyuma ya mzizi kuna *-kan*, ambayo mara nyingi ni kauli yetu ya kutendea au kutendesha. *Ibu membelikan saya baju*: mama ameninunulia shati. Kigujarati nacho kina kutendesha kwa kurefusha mzizi: *karvũ* (kufanya), *karāvvũ* (kufanyisha), *khāvũ* (kula), *khavḍāvvũ* (kulisha).

Hatua ya 4: "sisi" mbili

Hapa ndipo lugha hizi zisizo na undugu zinapokutana, na Kiswahili kinabaki nje. Zote mbili zina "sisi" inayomjumuisha unayesema naye na "sisi" inayomwacha.

Pamoja nawe: Kigujarati *āpaṇe*, Kiindonesia *kita*.
Bila wewe: Kigujarati *ame*, Kiindonesia *kami*.

*Ame bajār jaīe chhīe* na *Kami pergi ke pasar*: sisi tunakwenda sokoni, wewe baki. *Āpaṇe bajār jaīe* na *Kita pergi ke pasar*: twende sote. Na tazama, *bajār* na *pasar* zote zimetoka neno moja la Kiajemi.

Kwa nini lugha mbili zilizo mbali zina jambo hili? Si kwa kuambukizana zenyewe. Kiindonesia kimelirithi kutoka Kiaustronesia cha kale; Kimalagasi nacho kinalo, *isika* na *izahay*. Kigujarati kwa kawaida huhesabiwa kulipata kwa kukaa jirani na lugha za Kidravidi za kusini mwa India. Hivyo hata sarufi inayofanana si cheti cha undugu.

Kosa lake lina uzito wa kijamii. Ukiwakaribisha wageni ukasema *kami akan makan*, umewaambia sisi wenyeji tutakula, ninyi mtatazama. Kabla ya kusema "sisi", jiulize: huyu ninayemtazama yumo?

Hatua ya 5: kukanusha

Kiindonesia kina vikanushi vinne na kila kimoja kina kazi yake. *Tidak* hukanusha kitendo na sifa: *Saya tidak punya uang*, sina pesa. *Bukan* hukanusha jina: *Saya bukan guru*, mimi si mwalimu. *Jangan* ni katazo: *Jangan makan*, usile. *Belum* ni ile "-ja-" yetu: *Saya belum makan*, sijala. Hii ya mwisho ni zawadi kwa Mswahili, kwa kuwa wageni wengi hujibu *tidak* palipo na *belum*. Ukiulizwa *Sudah menikah?* (umeshaoa?), jibu la adabu kwa asiyeoa ni *belum*. *Tidak* husikika kama umeapa kutooa.

Kigujarati hutumia *nathī* kwa wakati uliopo: *hũ shikshak nathī* (mimi si mwalimu), *mārī pāse paisā nathī* (sina pesa; na *paisā* ndiyo pesa yetu). Sijala ni *mẽ hajī khādhũ nathī*. Katazo la heshima ni *khāsho nahī̃*. Mtego uko kwenye "sili embe": usichukue *khāũ chhũ* ukaongeza *nathī*. Umbo lote hubadilika na jinsia huingia: mwanamume *hũ kerī khāto nathī*, mwanamke *khātī nathī*. Sisi hufanya hivyo hivyo tunapoacha "ninakula" na kusema "sili", bila "na" wala "ku".

Hatua ya 6: majina, mali na idadi

*Nyumba kubwa ya Ram*. Kiindonesia: *rumah besar Ram*, mpangilio wetu bila kiunganishi. Kigujarati: *Rāmnũ moṭũ ghar*. Ile *-nũ* inafuata kinachomilikiwa kama -a unganifu yetu: *Rāmno dīkro* (mwana wa kiume), *Rāmnī dīkrī* (binti), *Rāmnũ ghar* (nyumba).

Wingi wa Kiindonesia ni kurudia neno, *buku-buku*, lakini ukitaja idadi acha: *tiga buku*. Huongezwa pia neno la aina, *orang* kwa watu na *ekor* (mkia) kwa wanyama: *tiga ekor kucing*, paka mikia mitatu. Kigujarati huongeza *-o*, *chopḍī* → *chopḍīo*, na baada ya idadi nacho huweza kuiacha: *traṇ chopḍī*.

Hatua ya 7: maneno, sasa ndipo uyaguse

Gawa maneno yanayofanana katika mafungu mawili. La kwanza ni yale ya Kiarabu na Kiajemi, ambayo kwa jumla maana zimekaa karibu. *Apa kabar?* ni habari gani. Kigujarati husema *mane khabar nathī*, sina habari, yaani sijui. Salamu yao ni *Kem chho?* na jibu *Majāmā̃*.

La pili ni yale ya Kisanskriti, na hapo ndipo watu huanguka. Kigujarati ni mjukuu wa Kisanskriti, Kiindonesia kilikopa kutoka humo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kisha kila kimoja kikaenda njia yake. *Kepala* ya Kiindonesia ni kichwa. *Kapāḷ* ya Kigujarati ni paji la uso. *Negara* ni nchi. *Nagar* ni mji. *Gula* ni sukari yoyote. *Goḷ* ni sukari guru. *Rasa* ni ladha au hisia. *Ras*, mezani, ni juisi, hasa ya embe. Mtego mkubwa ni *istri*: kwa Mwindonesia ni mke, kutoka *strī*, mwanamke. Kwa Mgujarati *istrī* ni pasi ya nguo, na hilo limetoka Kireno.

Tusidhani kwamba watu hawa hawakukutana. Tomé Pires, Mreno aliyekaa Malaka, bandari ya rasi ya Malay, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba Cambay, bandari ya Gujarat, hunyoosha mikono miwili, mmoja kuelekea Aden na mwingine Malaka. Mkono wa Malaka ulibeba vitambaa, vikiwemo *paṭoḷā* za hariri za Patan zilizothaminiwa sana visiwani. Mwanachuoni Nuruddin ar-Raniri, mzaliwa wa Rander karibu na Surat, alifika Aceh, kaskazini mwa Sumatra, 1637 na kuandika vitabu kwa Kimalai, lugha ambayo vijana wazalendo waliokutana mwaka 1928 waliipa jina la Kiindonesia.

Hatua ya 8: namba na bei

Kiindonesia utakimaliza jioni moja: *dua puluh lima*, makumi mawili na tano, 25. Kigujarati hakina njia ya mkato hadi 99; kila namba ina umbo lake, na zinazoishia na tisa nyingi huhesabiwa kwa kupunguza: 29 ni *ogaṇtrīs*, moja pungufu ya thelathini. Kariri kumi kwa siku.

Maandishi yana hatari ya fedha. Gujarat milioni moja na ushee huandikwa 12,34,567, kwa sababu hugawa kwa *lākh* (laki yetu) na *karoḍ* (milioni kumi). Indonesia huandika 1.234.567: nukta ni ya maelfu, koma ni ya desimali. Bei ya 25.000 ni elfu ishirini na tano, si ishirini na tano kamili. Na *laksa* katika maandishi ya kale ya Kimalai ni elfu kumi tu, si laki.

Hatua ya 9: heshima, kabla ya kufungua mdomo

Kigujarati kina *tũ* kwa mtoto au mwandani na *tame* kwa wengine wote. Jina la mtu mzima hufuatwa na *bhāī* au *ben*: Rameshbhāī, Kokilāben. Kulitaja tupu ni kama kumwita mzee kwa jina lake mbele ya wajukuu. Kiindonesia kina *kamu* kwa rika, na *Anda* iliyo baridi, ya fomu na matangazo. Kwa mkubwa tumia *Bapak* au *Ibu* badala ya "wewe": *Bapak mau ke mana?*, kama tusemavyo "Baba anakwenda wapi?"

Kuhakiki

Zipeleke sentensi zako kumi kwa wasemaji wawili, mmoja wa kila lugha. Wasomee kwa sauti, usiwape daftari, kwa kuwa makosa ya pumzi na puani hayaonekani kwenye karatasi. Kwa Mwindonesia, uliza pia anavyosema nyumbani: *tidak* itageuka *nggak*, *sudah* itakuwa *udah*, na *me-* nyingi zitapotea. Kwa Mgujarati anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, uliza kwanza lugha ya nyumbani kwao ni ipi. Familia nyingi zinazoitwa za Kigujarati huzungumza Kikachi, kilicho karibu zaidi na Kisindhi, na Mabohora wana Kigujarati chao kinachoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jibu likiwa Kikachi, tafuta msemaji mwingine wa kuhakiki safu ya Kigujarati, na ya Kikachi iandike kando kama safu ya tano.